Je, Wajua? Neutrino na fumbo la pembe tatu

Je, wajua kwamba kila sentimita mraba ya uso wa Dunia hupitiwa na neutrino bilioni 65 hivi za Jua kwa sekunde moja? Ukucha wa kidole gumba una ukubwa wa karibu sentimita hiyo. Usiku hazipungui: zinaingia upande wa pili wa Dunia, zinapenya mwamba na kiini cha chuma, zinatokea sakafuni, zinapita kitandani kwako na kwenda zake.

Je, wajua kwamba hata mwili wako unazitoa? Sehemu ndogo ya potasiamu iliyomo mwilini ina mnururisho, nayo hutoa antineutrino, yaani pacha kinyume za neutrino, elfu kadhaa kwa sekunde. Kwa siku moja zinapita milioni 300.

Je, wajua kwamba ukoo wa leptoni una watu sita tu? Watatu wana chaji ya umeme: elektroni, muoni na tau. Kila mmoja ana neutrino yake isiyo na chaji. Muoni inafanana na elektroni kwa kila kitu isipokuwa uzito, kwani ni nzito mara 207. Tau ni nzito mara 3,477. Mwaka 1989 wanafizikia wa CERN, Uswisi, walipima jinsi chembe iitwayo Z inavyovunjika, wakapata kwamba aina za neutrino nyepesi ni tatu, hakuna ya nne. Kwa nini tatu? Hakuna nadharia iliyothibitishwa inayojibu.

Je, wajua kwamba neutrino ilizaliwa kwenye barua? Tarehe 4 Desemba 1930 Wolfgang Pauli aliwaandikia wenzake waliokuwa wakikutana Tübingen, Ujerumani, akipendekeza chembe isiyoonekana inayoondoka na nishati iliyokuwa ikipotea katika mnururisho wa beta. Yeye mwenyewe hakwenda. Alikuwa na dansi Zürich. Uthibitisho ulichukua zaidi ya miaka 25. Juni 1956 Clyde Cowan na Frederick Reines walimpelekea simu ya maandishi kwamba wameziona, zikitoka katika kinu cha nyuklia cha Savannah River, Marekani.

Je, wajua kwamba neutrino ya kwanza ya asili, isiyotengenezwa na binadamu, ilinaswa Afrika? Ilikuwa tarehe 23 Februari 1965, katika mgodi wa dhahabu wa East Rand karibu na Johannesburg, zaidi ya kilomita 3 chini ya ardhi. Reines alikuwepo tena, safari hii pamoja na Friedel Sellschop wa Chuo Kikuu cha Witwatersrand. Neutrino ile ilizaliwa angani, pale miale ya anga za mbali inapogonga hewa yetu. Mwaka huohuo timu iliyokuwa katika mgodi wa Kolar, India, ikapata za kwao. Habari hii inastahili kufundishwa katika kila darasa la fizikia barani humu, maana neutrino za namna hiyohiyo ndizo zilizokuja kupindua nadharia nzima miaka 33 baadaye.

Je, wajua kwamba tangi la kemikali ya draiklina lilizua mgogoro wa miaka 30? Raymond Davis alilijaza lita 380,000 za kemikali hiyo yenye klorini na kuliweka kwenye mgodi wa Homestake, South Dakota, karibu kilomita moja na nusu chini. Neutrino ya Jua ikigonga atomi ya klorini huigeuza agoni. Davis alikuwa akitafuta atomi chache za agoni ndani ya tangi lote hilo, na alizipata. Lakini zilikuwa kama theluthi moja tu ya zile ambazo John Bahcall alikuwa amezikokotoa kutokana na nadharia ya Jua. Wengi walidhani Davis amekosea kuhesabu. Wengine walidhani Bahcall halijui Jua. Wote wawili walikuwa sahihi.

Je, wajua ni nani aliyekuwa na jibu mapema? Bruno Pontecorvo, mzaliwa wa Pisa, mwanafunzi wa Enrico Fermi, ambaye mwaka 1950 alihamia Urusi ya Kisovieti na kuishi Dubna hadi kufa kwake mwaka 1993. Mwaka 1957 aliandika kwamba huenda neutrino inaweza kugeuka kuwa nyingine ikiwa safarini. Mwaka 1962, huko Nagoya, Ziro Maki, Masami Nakagawa na Shoichi Sakata wakaeleza namna aina mbili zinavyoweza kuchanganyika. Ndiyo maana jedwali la mchanganyiko wa leptoni leo linaitwa PMNS, herufi za kwanza za majina yao wanne.

Hapa inafaa tukae kidogo, kwa sababu neno “kuchanganyika” linabeba fizikia yote ya safu hii.

Neutrino huzaliwa ikiwa na jina la mwenzake mwenye chaji. Ikizaliwa pamoja na elektroni, ni neutrino ya elektroni. Ikizaliwa pamoja na muoni, ni neutrino ya muoni. Hilo ni jina la kuzaliwa. Uzito ni jambo jingine. Kuna neutrino tatu zenye uzito maalumu, tuziite ya 1, ya 2 na ya 3, na hakuna hata moja kati yake iliyo ya elektroni tupu, ya muoni tupu au ya tau tupu. Neutrino ya elektroni ni jumla ya hizo tatu kwa mafungu maalumu: ya 1 inashika karibu thuluthi mbili, ya 2 inapungukiwa kidogo na thuluthi moja, na ya 3 ina asilimia 2 tu. Zikisafiri, mawimbi ya hizo tatu hayaendi kwa mwendo mmoja, kwa kuwa uzito wao unatofautiana. Baada ya kilomita kadhaa jumla yao haiwi tena ile ya mwanzo, na ukiipima unaweza kukuta neutrino ya muoni au ya tau. Davis alikuwa na tangi linaloona za elektroni peke yake. Nyingine zilipita mbele yake bila kuhesabiwa.

Je, wajua kwamba kubadilika huko kuna maana kwamba neutrino lazima ziwe na uzito? Kama zote tatu zingekuwa hazina uzito, mawimbi yangeenda sambamba daima na lisingebadilika lolote. Nadharia kuu ya chembe iliyoandikwa miaka ya 1960 na 1970 haikuzipa uzito hata chembe. Kwa hiyo siku kubadilika kulipothibitishwa, nadharia hiyo ilionekana wazi kuwa haijakamilika.

Siku hiyo ilifika Juni 1998, mjini Takayama, Japani, Takaaki Kajita alipoonyesha vipimo vya Super-Kamiokande, tangi la tani 50,000 za maji safi ndani ya mlima. Neutrino za muoni zilizotoka juu yake, angani, zilikuwa za kutosha. Zilizotoka chini, baada ya kuvuka Dunia nzima, zilikuwa kama nusu. Mwaka 2001 na 2002 kituo cha SNO huko Sudbury, Kanada, kikitumia tani 1,000 za maji mazito, kikahesabu neutrino za Jua za aina zote tatu na kukuta jumla yake ndiyo ileile ya Bahcall. Kajita na Arthur McDonald wa SNO walipata Tuzo ya Nobel mwaka 2015. Pontecorvo hakuwahi kuiona siku hiyo.

Je, wajua kwamba mchanganyiko wa leptoni unaandikwa kwa pembe tatu? Seti moja ya mihimili ni majina ya kuzaliwa, seti ya pili ni uzito, na pembe zinasema seti moja imezungushwa kiasi gani kutoka kwa nyingine. Vipimo vinatoa nyuzi 34 hivi, nyuzi 45 au karibu yake, na nyuzi 8.5.

Sasa linganisha na kwaki, chembe zinazounda protoni na nyutroni. Nazo zinachanganyika, na pembe zake ni nyuzi 13, nyuzi 2.4 na nyuzi 0.2. Kwaki zinagusana kidogo tu. Leptoni zimejichanganya kwa kiwango cha karibu kupita kiasi. Maumbile yameandika jedwali la namna moja mara mbili, tena kwa mikono miwili tofauti kabisa, na hilo ndilo swali linalowakosesha usingizi wananadharia tangu mwaka 1998. Kwangu mimi ni mojawapo ya maswali mazuri kuliko yote yaliyobaki katika fizikia, kwa kuwa namba zipo mezani, zimepimwa, na bado hatujui zimetoka wapi.

Je, wajua kwamba kwa miaka kumi ilidhaniwa jibu limepatikana? Mwaka 2002 Paul Harrison, Donald Perkins na William Scott, wa Uingereza, walitazama vipimo vya wakati ule na kuona mpangilio wa sehemu rahisi kabisa. Neutrino ya 2 ina theluthi ya elektroni, theluthi ya muoni, theluthi ya tau. Neutrino ya 3 ina nusu ya muoni, nusu ya tau, na ya elektroni haimo kabisa. Pembe zinazotokana na hapo ni nyuzi 35.3, nyuzi 45 na sifuri. Hakuna namba ya kuchezea ndani yake.

Mpangilio safi hivyo huashiria ulinganifu uliojificha. Ernest Ma na G. Rajasekaran walikuwa tayari, mwaka 2001, wameleta ulinganifu uitwao A4 katika fizikia ya leptoni. A4 ni mizunguko yote inayoliacha umbo la nyuso nne za pembetatu sawa likionekana vilevile. Kata umbo hilo kwa karatasi nzito, weka alama kwenye ncha zake nne, ulizungushe: utapata njia 12, ukihesabu na ile ya kuliacha lilivyo. Guido Altarelli na Ferruccio Feruglio walionyesha jinsi ulinganifu huo wa njia 12 unavyoweza kuzaa zile theluthi na nusu. Wengine wakajaribu mchemraba, wenye njia 24, na umbo la nyuso 20, lenye njia 60. Makala zilimiminika.

Kisha ikaja tarehe 8 Machi 2012. Kundi la Daya Bay, kusini mwa China, liliweka vitambuzi sita karibu na vinu vya nyuklia, vingine umbali wa mita mia chache, vingine karibu kilomita mbili, na kulinganisha idadi ya antineutrino. Data ya siku 55 ilitosha. Za mbali zilikuwa zimepungua kwa asilimia 6 hivi. Pembe ya tatu si sifuri. Ni karibu nyuzi 9. Wiki chache baadaye RENO ya Korea Kusini ikathibitisha. Mpangilio ule wa mwaka 2002 ulikufa kwa upungufu wa antineutrino sita katika kila mia.

Sioni aibu yoyote katika kifo hicho. Modeli ilisema sifuri bila kujificha, ikawapa wapimaji kitu cha kulenga, na vipimo vikajibu. Kuna nadharia nyingi katika fizikia ambazo haziwezi kufa kwa sababu haziahidi namba yoyote. Heshima yangu naiweka kwa hii iliyoahidi.

Je, wajua kwamba masalia yake bado yako hai? Baadhi ya wananadharia waliacha safu mbili za jedwali na kushikilia moja tu. Ukishikilia safu ya kwanza, pembe ya Jua, ile ya nyuzi 34, inatakiwa iwe 34.3. Ukishikilia ya pili, inatakiwa iwe 35.7. Tofauti hiyo ya nyuzi 1.4 haikupimika vizuri kwa muda mrefu. Agosti 2025 kituo cha JUNO, mkoa wa Guangdong, China, kilianza kazi kikiwa na tani 20,000 za kimiminika kinachotoa mwanga kikiguswa na neutrino, mita 700 chini ya ardhi. Baada ya siku 59 za data pembe hiyo ilionekana kuwa karibu 33.8. Safu ya kwanza bado imo mchezoni. Ya pili imeachwa mbali.

Je, wajua kwamba wapo wanaosema hakuna fumbo lolote? Mwaka 1999 Lawrence Hall, Hitoshi Murayama na Neal Weiner walipendekeza modeli ya vurugu: namba za jedwali zimetokea kwa bahati nasibu, bila ulinganifu wowote nyuma yake. Ukichagua namba ovyo, pembe kubwa ndizo hutokea mara nyingi, na pembe ya tatu haitarajiwi kuwa sifuri. Mwaka 2012 wafuasi wa vurugu walikuwa na haki ya kutabasamu. Mimi bado sijaridhika, kwa sababu modeli hiyo haisemi kwa nini kwaki, zilizo jirani kabisa, hazikupata bahati nasibu ileile.

Je, wajua namba iitwayo theluthi mbili ya Koide? Chukua kalamu. Uzito wa elektroni ni 0.511, wa muoni 105.66, wa tau 1,776.9, kwa kipimo cha milioni ya elektroni-volti. Jumla yake ni 1,883.07. Sasa tafuta kipeuo cha pili cha kila mmoja: 0.715, 10.279 na 42.153. Vijumlishe upate 53.147, kisha zidisha kwa yenyewe upate 2,824.6. Gawanya jumla ya kwanza kwa hii. Jibu ni 0.6667, yaani theluthi mbili.

Yoshio Koide wa Japani aliandika kanuni hii mwanzoni mwa miaka ya 1980, wakati vipimo vya tau vilikuwa vikisema 1,784, na kanuni ilikuwa ikigoma ikitaka 1,777. Mwaka 1992 tau ilipimwa upya mjini Beijing: 1,776.9. Hakuna aliyeeleza kwa namna iliyokubalika na wengi kwa nini inatokea hivyo. Huenda ni sadfa, lakini nikifika kwenye ile 0.6667 mkono wangu husita.

Je, wajua kwa nini neutrino ni nyepesi mno? Dhana inayopendwa zaidi inaitwa bembea ya ubao, ile ya watoto wawili wanaokaa ncha mbili: mmoja akishuka, mwingine anapanda. Kila neutrino nyepesi ina mwenzake mzito ajabu, na kadiri mwenzake anavyozidi kuwa mzito, ndivyo yenyewe inavyozidi kuwa nyepesi. Peter Minkowski aliiandika mwaka 1977. Miaka miwili baadaye Tsutomu Yanagida upande mmoja, na Murray Gell-Mann, Pierre Ramond na Richard Slansky upande mwingine, wakaifikia kwa njia zao. Katika modeli za kawaida za aina hii mwenzake huyo anahitaji nishati mara mabilioni ya ile ambayo mtambo mkubwa wa CERN unaweza kutoa.

Mwaka 1986 Yanagida na Masataka Fukugita waliongeza jambo linalogusa kuwepo kwetu. Wazito hao, walipovunjika muda mfupi baada ya Mlipuko Mkuu, huenda walizaa maada nyingi kidogo kuliko antimaada. Vingine vyote viliangamizana. Kile kidogo kilichozidi ndicho nyota, bahari na watu.

Je, wajua kwamba bembea hiyo inahitaji, kwa kawaida, neutrino iwe ndiyo antineutrino yenyewe? Wazo hilo ni la Ettore Majorana, mwaka 1937. Machi mwaka uliofuata alipanda meli kutoka Palermo kwenda Napoli, akatoweka akiwa na umri wa miaka 31. Majaribio ya kuthibitisha wazo lake yanatafuta mnururisho wa beta maradufu usiotoa neutrino hata moja. KamLAND-Zen ya Japani imeutafuta katika gesi ya zenoni na kuonyesha kwamba, kama upo, nusu-maisha yake yanazidi miaka 10 inayofuatwa na sifuri 25.

Je, wajua kwamba kifaa cha kupima uzito wa neutrino kilisafirishwa karibu kilomita 9,000 ili kufika mahali palipo umbali wa kilomita 400 tu? Ni tangi la KATRIN, la tani 200 na upana wa mita 10, lililoundwa Deggendorf, Ujerumani. Halikuweza kupita barabarani. Mwaka 2006 likateremshwa mto Danube hadi Bahari Nyeusi, likazunguka Mediterania na Atlantiki, likapanda mto Rhine, na mwisho likavutwa polepole katikati ya nyumba za kijiji jirani na Karlsruhe, watu wakiwa wamejaa pembeni wakitazama. Mwaka 2025 KATRIN ilitangaza kwamba uzito wa neutrino hauzidi elektroni-volti 0.45. Elektroni, iliyo nyepesi kuliko chembe zote zenye chaji, ina 511,000.

Je, wajua kwamba jedwali la PMNS lina namba ya nne? Ni pembe inayoamua kama neutrino na antineutrino zinabadilika kwa namna tofauti. Jaribio la T2K huzirusha kilomita 295 kutoka Tokai hadi Kamioka, Japani. Jaribio la NOvA huzirusha kilomita 810 kutoka maabara ya Fermilab hadi Minnesota, Marekani. Oktoba 2025 timu hizo mbili zilichapisha hesabu ya pamoja, na jibu bado linategemea kama neutrino ya 3 ndiyo nzito kuliko zote au ndiyo nyepesi kuliko zote. JUNO imejengwa kulijibu swali hilo la mwisho. Jaribio la DUNE, litakalopokea miale ya Fermilab kutoka umbali wa kilomita 1,300, limechimbiwa nafasi katika mgodi uleule wa Davis.

Na je, wajua kwamba modeli nyingi za ulinganifu zinafunga namba hiyo ya nne kwa zile pembe tatu? Ukizijua tatu kwa usahihi, ya nne inatoka yenyewe kwenye hesabu, na kila modeli inatoa yake. Tangu mwaka 2017 Feruglio ameongoza njia nyingine, ya kuchota ulinganifu huo kutoka hisabati ya maumbo ya moduli, ambamo namba moja changamani inabeba karibu mzigo wote. Hyper-Kamiokande, yenye nafasi ya tani 260,000 za maji, inajengwa ndani ya mlima mwingine wa Japani ili kuipima pembe ya nne kwa karibu kiasi cha kuzitenganisha modeli hizo, na wananadharia wameshachapisha makisio yao kabla tangi halijajaa.